Siku ya maembe mtaani Igoma: kununua, kuvundika, juisi na mabaki yake

SWALI: Habari mtaalamu. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Igoma, Mwanza. Mwaka jana mwezi wa kumi na mbili tuliandaa siku ya maembe kwa mtaa mzima, watu kama 120 pamoja na watoto. Tulinunua matenga mawili siku ya Alhamisi, maembe yakiwa ya njano kabisa, na shughuli ikawa Jumamosi. Tulipoyafungua, mengi yalikuwa na madoa meusi na yanavuja maji, mengine yana funza, na mengine njano kwa nje lakini ndani magumu na machachu. Juisi tuliyotengeneza Ijumaa usiku iliamka na povu. Mtoto mmoja midomo ilimvimba. Mwaka huu tunataka kurudia, na wapo wanaosema tuifanye kubwa kama Bulabo, ile sherehe ya ngoma ya Bujora. Tununue kiasi gani, lini, na tuyafanyeje yasituaibishe tena? – Katibu wa kikundi

JIBU: Dada katibu, karibu kila lililowapata linaanzia siku ile ya Alhamisi. Embe lililokwisha kuwa njano sokoni limebakiza siku mbili au tatu, na kabla halijafika kwenu limeshapanda gari, limemwagwa chini, limepangwa na kubinywa na kila mteja anayepita. Ukilifungia tena kwenye tenga usiku mbili, lazima livuje. Mwaka huu nunueni maembe yaliyokomaa lakini bado ya kijani, wiki moja kabla, myavundike wenyewe. Mkishalifanya hilo, mengine yote yatakuwa marekebisho madogo.

Tarehe msiipange kwa kalenda peke yake. Kanda hii maembe huanza kuchangamka Novemba na kujaa Desemba hadi Januari, lakini Novemba na Desemba ndio wakati wa mvua za vuli, na mvua ikipiga mfululizo madoa meusi huongezeka. Mwishoni mwa Novemba mmoja wenu awe anapita sokoni Igoma au Buhongwa kila wiki. Akiona yaliyokomaa yamejaa na bei imeshuka wiki mbili zinazofuatana, wekeni Jumamosi ya wiki ya pili au ya tatu kuanzia hapo. Turubai mtahitaji kwa vyovyote.

Kiasi cha kununua

Kwa watu 120 fanyeni hesabu hivi. Kila mtu ale maembe mawili ya wastani, yaani gramu 300 kila moja: hiyo ni kilo 72. Juisi, glasi moja ya mililita 250 kwa kila mtu, ni lita 30. Kwa kipimo nitakachoeleza mbele, inataka kilo 12 na nusu za nyama iliyochujwa, na embe zima likishamenywa, kutolewa kokwa na kuchujwa nyuzi hutoa kama nusu ya uzito wake, kwa hiyo ni kilo 25 za maembe. Ongeza kilo 6 za embe bichi la kuliwa na chumvi na pilipili, maana bila hilo hakuna siku ya maembe. Jumla ni kilo 103. Ongeza asilimia 15 ya yatakayoharibika. Hata ukichagua vizuri, yapo tu. Inafika karibu kilo 118, sema 120.

Tenga si kipimo. Matenga yanatofautiana, na chini huwa kuna majani mengi kuliko unavyodhani. Ndoo ya lita 20 iliyojazwa hadi usawa wa mdomo hubeba kilo 11 hadi 13 kutegemea ukubwa wa maembe, kwa hiyo mnazungumzia ndoo kumi hivi. Chukueni mzani wa kuning'iniza, pimeni ndoo moja, kisha zidisheni. Mkiuziwa kwa idadi, pimeni maembe kumi mpate wastani.

Msinunue yote kwa mkupuo mmoja. Theluthi mbili, kilo 80 hivi, zinunuliwe Jumamosi ya wiki iliyotangulia, ya kijani yaliyokomaa. Theluthi iliyobaki inunuliwe Jumanne au Jumatano, yale yaliyoanza kubadilika rangi mabegani lakini bado magumu. Mkifanya hivyo, kundi la kwanza likichelewa la pili litawaokoa, na la kwanza likiwahi mtalitumia kwa juisi. Embe bichi la pilipili linunuliwe Ijumaa. Hilo halitaki kuvundikwa.

Kuhusu aina: kwa kukata vipande na kula kwa mkono chukueni dodo au bolibo, yana nyama nyingi kuzunguka kokwa. Sindano ni dogo na watoto hulipenda kwa kufyonza. Yale ya kienyeji yenye nyuzi nyingi msiyadharau: huwakera wanaokula kwa meno, lakini harufu yake ni kali na kwenye juisi huzidi mengi ya bei kubwa. Changanyeni mawili kwa moja, yenye nyuzi mawili na dodo moja, juisi itakuwa na harufu na itakuwa nzito pia.

Kujua lililokomaa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana embe changa halitibiki. Utamu wa embe hutoka kwenye wanga uliojengeka tundani likiwa bado mtini. Likivunwa kabla wanga haujatosha, hata ulivundike vipi litalainika, litanyauka ganda na kubaki chachu.

Tazama mabega, yaani sehemu mbili zinazozunguka kikonyo. Kwenye embe changa mabega yameteremka na kikonyo kimesimama juu yake. Kwenye lililokomaa mabega yamejaa na kuinuka, kikonyo kinakuwa kama kimezama kwenye kishimo. Mashavu nayo yamejaa, si bapa. Vitone vidogo vya kwenye ganda vinaonekana vyeupe na vimetawanyika. Rangi nyekundu upande mmoja haina maana yoyote. Hiyo ni jua lilipigia.

Baada ya macho, tumieni maji. Chukueni maembe kumi kutoka sehemu mbalimbali za gunia, hasa chini, myatie kwenye ndoo ya maji. Lililokomaa huzama, changa huelea. Yakielea zaidi ya mawili, acheni gunia hilo. Mwisho lipia embe moja na likate: nyama iliyo karibu na kokwa iwe imeanza kugeuka njano hafifu kutoka nyeupe, na kokwa lenyewe liwe gumu, kisu kikwame. Kisu kikipita kwenye kokwa kama kwenye kiazi, embe hilo ni la achari.

Muulize pia muuzaji limechumwaje. Yaliyotikiswa au kupigwa fimbo yakaanguka chini hayaonyeshi kitu siku hiyo. Jeraha hujitokeza siku ya pili au ya tatu kama doa la kahawia laini. Ya Sengerema na Buchosa, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hayasubiri tena foleni ya kivuko juani, na hiyo ni faida kwa mnunuzi. Ya Ukerewe hushuka kwa njia ya maji. Yatokayo mbali kwa lori, kama ya Tabora, yanaweza kuwa mazuri mno, ila epuka gunia lililokaa chini ya mengine. Embe lenye kikonyo kilichobaki sentimita moja au mbili hupendelewa, kwa sababu lililong'olewa kikonyo humwaga utomvu juu ya ganda, na utomvu ule huunguza ganda na kufungua njia ya kuoza.

Sasa yale yenu ya njano kwa nje na magumu ndani. Inaelekea sana yalikuwa machanga yaliyolazimishwa rangi, na njia inayojulikana ni kabaidi, ile ya kutengenezea gesi ya kuchomelea vyuma. Ikikutana na unyevu hutoa gesi inayogeuza ganda kuwa njano haraka kabla ndani hakujaiva. Kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, kwa hiyo si suala la ladha tu. Dalili zake: tenga zima rangi moja ya njano sawasawa bila hata lenye kijani, halafu ukinusa karibu na kikonyo hakuna harufu. Embe lililoiva lenyewe hunukia hapo kabla hata rangi haijakolea.

Funza

Wale funza ni watoto wa nzi wa matunda. Aina inayosumbua zaidi kwenye maembe yetu iligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003 na imeenea vibaya tangu hapo. Jike hutoboa ganda na kutaga chini yake, mayai huanguliwa ndani ya siku chache, na funza hula nyama kwa ndani huku ganda likiwa zuri. Hupenda tunda linaloelekea kuiva, ndiyo maana lililochumwa la kijani lina usalama zaidi kuliko lililoachwa liive mtini, na lililookotwa chini ni la kukataa kabisa. Tafuta tundu dogo kama la pini lenye duara jeusi, au tone la utomvu lililokauka katikati ya shavu, mbali na kikonyo. Bonyeza hapo kwa kidole gumba. Pakibonyea, weka kando.

Ukikata embe ukakuta kokwa lina tundu na mdudu mweusi ndani, huyo ni fukusi wa kokwa. Nyama yake mara nyingi ni nzima. Toa kokwa, kula.

Kuvundika

Yakifika nyumbani, kwanza yageuzeni kikonyo kikiangalia chini juu ya majani makavu au wavu kwa saa mbili tatu, utomvu udondoke bila kugusa ganda. Kisha yaosheni kwa maji safi na sabuni kidogo, suuzeni, yaacheni yakauke kabisa kivulini. Maji ya ziwani yasiyotibiwa msiyatumie hata kwa kuosha. Ganda huguswa na kisu, kisu huingia kwenye nyama, na hivyo ndivyo kuhara kunavyoingia kwenye sherehe.

Madoa meusi yaliyowaharibia ni chule. Ukungu wake huingia tangu tunda likiwa changa, hukaa kimya chini ya ganda na kuamka linapoiva. Haufutiki kwa kitambaa, ila maji ya moto huupunguza sana: nyuzi joto 52 hadi 53 kwa dakika tano, ndani ya siku moja au mbili tangu kuchumwa. Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kwa hiyo sehemu mbili za maji yanayotokota na sehemu tatu za maji ya bomba ya kawaida huleta nyuzi 53 hivi: lita 8 za moto juu ya lita 12 za baridi, kwenye beseni kubwa. Tieni kilo tano au sita tu kwa wakati, zaidi ya hapo maji hupoa. Kipimajoto cha jikoni kikipatikana ni bora, kwa sababu ukivuka 55 ganda huungua na embe linakuwa limeharibiwa na dawa yake. Yatoeni, yaacheni yapoe na kukauka kwa hewa. Kwa kilo 80 hiyo ni kazi ya mizunguko zaidi ya kumi na mkaa mwingi. Kama wiki hiyo hakujanyesha na maganda ni safi, mimi nisingejisumbua. Kama mvua imepiga wiki nzima, fanyeni angalau kwa yale ya kuliwa. Na yasiwachanganye: kipimo hiki hakiui funza. Kwa funza maembe ya kuuzwa nje hukaa kwenye nyuzi 46 kwa zaidi ya saa moja, jambo lisilowezekana kwa beseni na mkaa.

Kisha pangeni kwenye tenga au boksi lenye matundu, chini magazeti au nyasi kavu, tabaka mbili, tatu zikizidi. Kila kilo 10 tieni ndizi mbivu tatu au nne katikati. Ndizi mbivu hutoa gesi ileile ambayo embe hujitolea lenyewe ili liive, na kwa kuiongeza mnayafanya yote yaanze pamoja. Funikeni kwa gunia la katani au kanga. Msifunike kwa sandarusi wala plastiki: maembe hutoa jasho, jasho hubaki, na hapo mmeufugia ukungu. Boksi likae ndani, mahali penye kivuli na hewa, mbali na bati. Joto likipanda zaidi ya nyuzi 30 embe huiva vibaya, ganda likabaki na mabaka na nyama ikalainika kabla ya kuwa tamu.

Kila siku, asubuhi, fungueni robo saa hewa ibadilike. Mkisahau siku mbili mtasikia harufu ya pombe. Anayefungua ayapapase yote na kutoa lililo na doa laini siku hiyohiyo, kwa kuwa moja lililooza huwahisha mengine. Kwa hali ya hewa ya Mwanza, yenye ndizi huchukua siku nne hadi sita, bila ndizi sita hadi nane. Jumatano usiku ndiyo siku ya uamuzi. Kama bado magumu na hayana harufu, ongezeni ndizi na mfunike vizuri. Kama yameshalainika, toeni ndizi, yatandazeni tabaka moja sakafuni penye ubaridi, na yaliyotangulia zaidi yaingie friji sehemu ya chini ya mboga. Bichi lisiingizwe friji hata kidogo: chini ya nyuzi 12 au 13 embe la kijani huumia kwa baridi, hutoka vishimo vya kijivu, na hata ukilitoa haliivi tena ipasavyo. Wengi humlaumu muuzaji kwa kosa la friji lao.

Juisi

Iliyotengenezwa usiku na kuachwa kwenye ndoo lazima ichachuke. Chachu iko kwenye ganda la kila embe, sukari ipo, joto lipo. Saa nane zinatosha.

Igaweni kazi hii kwa awamu mbili. Ijumaa jioni tengenezeni rojo tupu bila maji: menya, kata, saga, chuja kwa chujio la matundu mapana ili nyuzi zibaki. Rojo liwekwe kwenye sufuria, moto wa wastani, likorogwe bila kuacha maana hushika chini upesi, hadi lianze kutoa mapovu mazito na mvuke, kama nyuzi 85, kisha lishikiliwe hapo dakika tano. Hapo chachu imekufa. Poozeni haraka kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji ya baridi, gawanyeni kwenye vyombo vidogo vyenye mifuniko na muweke kwenye friji au friza. Chombo kikubwa cha lita 20 kikiingia friji katikati yake hukaa vuguvugu usiku kucha, na juisi huanzia kuharibika humo.

Jumamosi, saa moja kabla ya kugawa, changanyeni kilo moja ya rojo na lita moja na nusu ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kwa lita 30 mtatumia rojo kilo 12 na nusu na maji lita 18 na nusu hivi. Ndimu mililita 15 kwa kila lita, kama ndimu 15 hadi 20 kwa jumla. Ndimu huiamsha ladha na huzuia rangi isififie. Sukari onjeni kwanza. Maembe yaliyoiva vizuri mara nyingi hayaitaki, na gramu 50 kwa lita ndiyo mwisho. Ikijitenga, maji juu na nyama chini, haijaharibika. Korogeni tu kabla ya kumimina.

Barafu ya mabonge inayouzwa kwa ajili ya samaki kule mwaloni Kirumba ni nzuri kwa kupooza, ikikaa nje ya chombo. Wekeni deli la juisi ndani ya beseni lililojaa barafu hiyo. Ndani ya juisi iende barafu ya maji yaliyochemshwa tu. Juisi iliyokaa mezani zaidi ya saa mbili bila ubaridi, mwageni. Msimpelekee mgonjwa nyumbani.

Siku yenyewe

Anzeni saa nne asubuhi na mmalize kula kabla ya jua kuzama. Jioni wale wadudu wadogo wa ziwani, wakiwa wengi, hufuata taa kwa maelfu na kutumbukia kwenye kila chombo kilicho wazi.

Kukata: kokwa la embe ni bapa. Simamisha embe kikonyo juu, tafuta upande mwembamba ukuelekee wewe, kisha teremsha kisu upande wa kulia na kushoto wa kokwa, ukiacha kama nusu sentimita kila upande. Unapata mashavu mawili. Chora miraba kwenye nyama bila kukata ganda, pindua shavu kwa nje, vipande vinasimama. Kokwa na nyama iliyobaki wapewe watoto, hakuna atakayelalamika. Mtu mmoja mwenye kisu kikali hukata kilo 10 kwa muda mfupi kuliko watatu wenye visu butu, kwa hiyo noeni Ijumaa. Vibao viwili, kimoja cha embe bivu na kingine cha bichi, pilipili isihamie kwa watoto. Na ndoo ya kunawia yenye koki na sabuni iwe mlangoni, si nyuma ya nyumba.

Mtoto aliyevimba midomo: mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na utomvu wake una kemikali inayowasha ngozi za baadhi ya watu. Kinachodhuru ni ganda na utomvu wa kikonyo, mara chache sana nyama. Apewe embe lililooshwa, likamenywa na mtu mwingine. Akianza kuwashwa, anawe kwa sabuni mara moja. Akivimba ulimi au akipumua kwa shida, huyo ni wa hospitali bila kusubiri.

Wenye kisukari wasikatazwe wala wasilazimishwe. Gramu 100 za embe zina sukari kama gramu 14, kwa hiyo shavu moja dogo baada ya chakula ni tofauti kabisa na glasi mbili za juisi. Juisi waiache.

Sasa kuhusu Bulabo. Sherehe ile ya Bujora, hapo Kisesa jirani yenu, huwa Juni wakati maembe hayapo, na ina mizizi ya miongo mingi ya ngoma. Msishindane nayo kwa ukubwa. Chukueni kitu kimoja kutoka kwake: ushindani wa pande mbili, Bagika na Bagalu, unaomfanya kila mtazamaji awe na upande. Gaweni mtaa kwa barabara, upande wa juu na wa chini, na kila upande ulete achari yake, embe lake zito kuliko yote, na mtu wake wa kutambua aina ya embe akiwa amefungwa macho. Huko Delhi tamasha la maembe lililoanza mwaka 1987 huvuta watu kwa maonyesho ya mamia ya aina, na nyinyi hata aina sita zilizopangwa mezani na kuandikwa majina zitawashangaza wengi waliodhani embe ni embe. Kisiwani Guimaras, Ufilipino, watu hulipia kiingilio na kula kwa muda uliopimwa. Kwa kikundi kinachotaka kurudisha gharama, hilo ni la kufikiria. Mashindano ya kula kwa kasi kwa watoto siyapendi: kipande cha embe ni utelezi, kinapita kooni kabla hakijatafunwa.

Yatakayobaki

Mabichi yafanyeni achari. Kilo mbili za vipande, chumvi gramu 120, acheni usiku mmoja kisha mwageni maji yaliyotoka na mkaushe vipande juani nusu siku. Chemsheni mafuta mililita 300, yapoe kidogo, tieni vitunguu saumu gramu 100 vilivyotwangwa, pilipili ya unga vijiko vitatu vya chakula, binzari kijiko kimoja, mwishowe siki mililita 150. Changanyeni na vipande, jazeni kwenye chupa zilizochemshwa dakika kumi na kukaushwa kabisa. Mafuta yafunike vipande. Achari ikiota ukungu, chanzo karibu kila mara ni kijiko kibichi au chupa yenye unyevu.

Yaliyolainika mno lakini hayajaoza ni ya jemu: rojo kilo mbili, sukari kilo moja na robo, maji ya ndimu mililita 100, moto wa kukoroga dakika 30 hadi 40. Msisubiri nyuzi 105 zinazotajwa kwenye mapishi ya pwani au ya nje; kwa mwinuko wetu jemu hushika kwenye 100 au 101, na ukifika 105 umetengeneza peremende. Tone likiwekwa kwenye sahani baridi lisitiririke, limetosha.

Kukausha juani siwashauri Desemba. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, huvumilia, kwa sababu kiazi hakina sukari ya kunata. Embe huvuta vumbi na nzi, na mvua moja ya alasiri inatosha kulirudisha nyuma hadi likachacha. Bila kaushio lenye kivuli cha nailoni na wavu, mtapoteza. Hata likifanikiwa, kilo 12 hadi 15 za maembe mazima hutoa kama kilo moja tu.

Maganda, makokwa na yote yaliyooza yasitupwe kichakani wala mtaroni. Funza wakishakua huingia ardhini, hugeuka nzi, na wiki chache baadaye wanarudi kwenye miembe ya mtaa. Chimbeni shimo Ijumaa, refu la kutosha mabaki yafunikwe na udongo wa angalau sentimita 50 juu yake. Kama udongo ni wa mawe, kama sehemu nyingi za Mwanza, tieni kwenye mifuko mieusi ya plastiki ile mizito ya taka, fungeni mdomo, mwiache juani siku saba kabla ya kuipeleka dampo. Mbuzi na ng'ombe wanaweza kupewa maganda mazima yasiyooza, kidogo kidogo, ila makokwa yatoeni kwanza kwani humkaba mnyama.